Karmeli ya Udongo Mwekundu

Sijapata kumwona mtu aliyechukia tambarare kama Mwinjilisti wetu. Asubuhi akisimama mlangoni mwa kanisa, akiitazama Magarini yote imelala chali, mikorosho na mihogo hadi macho yachoke, alikuwa akiguna. Guno lenyewe refu, la mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. "Mama Kadzo," aliniambia siku moja, "nyinyi mnaishije mahali ambapo mtu hana pa kupanda?" Nikamwambia, tunapanda mahindi, na mvua ikikubali tunapanda na kunde. Hakucheka. Jambo la milima hakulifanyia mzaha.

Alikuwa mtu wa Taita, wa huko juu kwenye ukungu. Kanisa lilimleta kwetu miaka ya themanini ikianza, yeye na mkewe na kijana wao mmoja, Mwakio. Ukoo wake siujui, wala sikuuliza. Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na jirani yake, ua kwa ua, kwa hiyo ninayoyajua ni ya jirani. Nilijua kikohozi chake, nilijua chai yake ina sukari kiasi gani, na akigombana na mkewe nilijua nani kashinda. Mara nyingi alikuwa mke.

Hakuweza kuomba akiwa chini, lazima apande kitu. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kichuguu kikubwa, hicho akakibatiza Sinai. Alfajiri ukipita na dumu lako kwenda mtoni unamkuta kasimama juu yake, viatu kavua, suruali kaikunja, macho kayafumba. Siku mchwa walipomvamia miguuni katikati ya maombi alishuka kwa mbio ambazo Musa hakuwa nazo. Hata akialikwa chakula kwa watu, kabla ya kukiombea alitafuta walau kizingiti cha kukanyaga. Ukimwuliza sababu, alikuwa na neno lake moja, analitoa kidole kikiwa juu: "Mungu hakai shimoni." Kijana akitoroka darasa la ubatizo, Mungu hakai shimoni. Mlevi akiokotwa mtaroni, Mungu hakai shimoni. Tulilizoea mpaka sisi wanawake tukawa tunataniana nalo njiani, mmoja akijikwaa, wenzake wanamwambia hivyo.

Sasa fikiria kazi aliyojitwika. Kuwafundisha watu wa kwetu Maandiko kwa njia ya milima, na wengi wetu mlima hatujauona hata kwa mbali! Alituambia Biblia yote inapandwa. Safina ilitua Ararati. Ibrahimu aliambiwa ampeleke mwanawe Moria. Musa akapewa amri Sinai, akafia Nebo akiitazama nchi asiyoingia. Eliya aliomba mvua Karmeli. Bwana Yesu aligeuka sura mlimani, akalia Mizeituni, akafa Golgotha. "Mungu akiwa na neno zito," alisema, "kwanza humtoa mtu bondeni." Kisha akatukandisha udongo. Watu wazima na ndevu zao wamechuchumaa uwanjani wanafinyanga milima, kila mtu na wake, naye anapita akikagua. Mzee Karisa, mzee wa kanisa na mwenyeji wa pale, ulimi wake mkali kuliko pilipili, alitoa Karmeli iliyofanana na chungu kilichofunikwa. Mwinjilisti akamwambia, "Mzee, huu mbuzi anauruka." Mzee Karisa akajibu, "Labda mbuzi wa kwenu. Wa kwetu hana nguvu hizo."

Nisiseme uongo, mafundisho yale yalituingia. Nilianza kulala nikiiwaza Nebo, mzee yule peke yake juu, nchi ile iko chini yake na mguu wake hauifiki. Moria ndiyo ambayo Mwinjilisti hakupenda kukaa nayo. Akifika pale aliharakisha: kijana akafungwa, kondoo akaonekana, amina. Nilipomwuliza anakimbilia wapi, alimtazama Mwakio aliyekuwa akifagia uwanja, akasema, "Ule ni mlima wa kutisha, mama. Nami ninaye mmoja tu."

Na huyu mtu wa milima, utacheka, aliogopa ngazi. Wallahi tena, kama wanavyosema majirani zetu wa Mambrui. Tulipoezeka kanisa makuti mapya, vijana walipanda, wazee walipanda, hata mimi nilipanda kupokeza fito, yeye kaishika ngazi chini na kutoa amri. Kupanda hakukuwa tatizo, tatizo lilikuwa kutazama chini. Kutazama chini kulimlegeza magoti. Nilianza kushuku kwamba hata pale Sinai, kufumba macho hakukuwa ibada tupu.

Mwaka mmoja aliipeleka kwaya Mambrui kwa sababu alisikia kuna vilima vya mchanga kule. Furaha aliyokuwa nayo siku ile! Alipanda kilima kirefu kuliko vyote, akafungua mikono, akatuhubiria juu ya heri walizopewa maskini, sisi tumekaa chini mchanga unatuingia masikioni. Tuliporudi mwaka uliofuata kilima hakikuwa pale. Alizunguka akikitafuta, uso umemsawijika, hadi baba mmoja wa hapo, kofia kichwani, anatengeneza nyavu zake, akamhurumia. "Shehe," akamwambia, "huo mchanga tu. Upepo ukivuma huhamia kwa jirani." Mwinjilisti alirudi Magarini. Nyumbani akamwambia mkewe, nami nasikia kupitia uani, kwamba nchi ambayo hata milima yake haitulii si nchi ya kulelea mtoto.

Ndipo ukaja ule mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa manjano wa msaada. Mahindi yalikauka yakiwa kiunoni. Maji yalikuwa ni ya mto Sabaki au ufe, na Sabaki si karibu. Wanawake tulikuwa tukitoka giza, tukirudi jua likitupiga utosini, na mmoja wetu aliharibikiwa mimba njiani. Hapo kanisa likaamua kuchimba kisima, na Mzee Karisa akasema pa kuchimba panajulikana: kule bondeni penye mikindu, ambapo bibi zetu walikuwa wakifukua mchanga wakapata maji.

Mwinjilisti akakataa. Si kwa ubaya, maskini. Alikataa kwa sababu alikotoka maji hushuka yenyewe kutoka mlimani, mtu anatega ndoo tu. "Kwetu maji ni ya juu," alisema. "Huko bondeni mtakunywa na vyura." Akachagua pembeni mwa kanisa, mahali pa pekee palipoinuka kidogo katika kijiji kizima. Mzee Karisa alitazama pale, akamtazama yeye, akatema mate pembeni. Sisi tukakubali. Mwinjilisti ni Mwinjilisti, nani angebishana naye mambo ya juu?

Aliyeingia kuchimba ni Mwakio. Alikuwa kijana wa adabu, shikamoo yake ilikufikia kabla hajakufikia yeye, na mikono yake haikuchoka. Mume wangu ndiye aliyeshika kamba, anavuta ndoo za udongo na kuzimwaga kando. Udongo wenyewe mwekundu, mzito, na rundo likakua siku hadi siku. Lilipopita kichwa cha mtu, Mwinjilisti alilipanda, akageuka huku na huku, na kutoka pale akauona mstari wa bahari. Alipiga kelele kama mtoto. "Mama Kadzo! Njoo uone! Tumepata Karmeli!" Tangu siku hiyo kichuguu kikasahauliwa. Kila alasiri alikuwa juu ya rundo lake akiangalia upande wa bahari, akingoja wingu dogo mfano wa lile aliloonyeshwa Eliya. Mara moja moja aliita bila kugeuka, maana ukingo wa kisima hakuusogelea hata siku moja: "Mwakio, vipi huko?" Na kutoka chini sauti inajibu, "Salama, baba."

Mchana wengine wakipumzika, Mwakio hakutoka. Nilikuwa nikimshushia uji kwa ndoo, na siku moja nilimwuliza kama hakuchoka kukaa shimoni kama panya. Alicheka. "Mama," akasema, "huku kuna baridi kama nyumbani. Nikinyamaza, ni kama ukungu unashuka. Naombea huku huku siku hizi." Kisha akaongeza, "Baba akisikia ataniambia Mungu hakai shimoni." Tulicheka wote wawili, yeye chini, mimi juu.

Maji hayakuonekana. Udongo mwekundu ukaisha, ukaja mchanga mweupe, mkavu, ukiuchota unamiminika. Mzee Karisa alikuja akaushika, akasema acheni. Mume wangu naye akasema tuache, au walau tutafute mbao za kuzuia kuta. Mwinjilisti alikuwa juu ya rundo, kaanza kufunga, hali wala hanywi, na akajibu kwamba Eliya hakushuka Karmeli mpaka wingu lilipoonekana.

Kuta zilianguka Mwinjilisti akiwa amefumba macho anaomba. Nilikuwa uani kwangu natwanga, nikasikia mume wangu anapiga ukelele ambao sijausikia kwake kabla wala baada. Kamba ilikuwa mikononi mwake, imelegea. Tulikimbilia pale kijiji kizima, na majembe, na sufuria, na mikono. Kila tulichotoa, mchanga ulirudisha. Mama yake Mwakio alichimba mpaka kucha zikatoka damu, tukamvuta, akatuponyoka, akachimba tena. Na Mwinjilisti, Mungu wangu, alikuwa bado kasimama juu ya rundo. Hakuweza kushuka, hakuweza kuusogelea ukingo, magoti yalikuwa yamekufa. Alikuwa anaita tu kutoka pale juu, kwa sauti ileile ya kila siku, "Mwakio, vipi huko? Mwakio, vipi huko?" Wanaume walilia wakichimba. Tulimtoa Mwakio jua likizama, na mchanga mweupe umemjaa kope.

Baada ya mazishi nilimpelekea chai. Alikuwa amerudi juu ya rundo. Nikasimama chini na kikombe changu, nikamwambia ashuke anywe. Akaniuliza, "Ibrahimu alizuiwa mkono. Mimi mbona sikuzuiwa?" Nikamwinulia kikombe. Akasema, "Sikia jambo moja, mama. Miaka yote nimesema Mungu hakai shimoni. Nimewaambia nyinyi, nimemwambia yeye tangu akiwa mtoto. Sasa mwanangu alikufa akiwa na nani?"

Hilo ndilo lililomla. Kufa kwa Mwakio kulimvunja, lakini kilichomla ni hilo swali, maana alijifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nilimweleza aliyoniambia Mwakio, ile baridi, na maombi ya mchana. Nilidhani nampa dawa. Alinikemea, macho mekundu: "Usinibembeleze! Mimi si mtoto." Na chai ikapoa mikononi mwangu.

Basi akawa mtu wa juu ya rundo. Anataka jibu, na jibu analingojea kule anakojua hutolewa. Jumapili alisimama mbele yetu akafungua Biblia, akaifunga, akatoka. Kanisa la Malindi likamtuma mtu mwingine, lakini Mwinjilisti wetu hakuhama. Mkewe alimsihi waondoke, akamsihi tena, mwishowe akafunga mizigo yake akarudi Taita. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliniambia, "Mimi kaburi la mwanangu nimelilia. Yeye hajalifikia bado." Mvua ilikuja mwaka uliofuata, mvua kubwa, wingu lilitoka baharini kweli kama lile la Eliya, watu wanacheza uwanjani, yeye kaloa pale juu anapiga kelele mbinguni, "Umechelewa! Umechelewa!" Niliingia ndani nikaziba masikio. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, nisifiche. Kila mtu alimkasirikia kidogo. Mzee Karisa peke yake, ambaye angeweza kusema niliwaambia, hakusema hata siku moja, na nadhani hilo lilimwumiza Mwinjilisti zaidi kuliko lawama zetu.

Shimo lenyewe alikataa lifukiwe. Tulilizungushia miiba. Mbuzi akatumbukia, ng'ombe wa watu akavunjika mguu, wanaume wakaja na majembe, yeye akalala juu ya rundo akawaambia waanze na yeye. Wakarudi. Lakini watu ni watu. Udongo wa kisima ni mzuri kukandikia nyumba, na yeye akiingia kupika uji wake huyu anachota karai, yule anachota karai. Mvua nazo zikala sehemu yake. Karmeli ikawa inashuka, naye juu yake anashuka nayo.

Mimi nilihamia Malindi kwa binti yangu Kadzo alipojifungua, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Nilirudi Magarini kwa matanga ya Mzee Karisa. Baada ya kuwapa pole wafiwa nilijivuta hadi kanisani, nione kama Mwinjilisti yu hai. Nilimkuta chini. Nasema chini, miguu yake iko kwenye tambarare, kakonda, shati limembandika mgongoni, karai mikononi. Alikuwa anachota udongo wa rundo, anautupa kisimani. Anautupa kwa mbali, kichwa kakigeuzia pembeni.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Mama Kadzo. Umekuja kwa Mzee Karisa?"

"Nimekuja kwake. Na wewe unafanya nini?"

Akafuta jasho. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mkewe ni mgonjwa, kalala, anamwita. Kesho anapanda basi la Mombasa aunganishe hadi kwao. "Siwezi kwenda kumwuguza mke huku nimewaachia watu shimo," akasema. "Karisa alikuja kuniambia kabla hajafa. Alisema hivi tu: mwanangu, lifukie."

Nilifunga leso kiunoni nikaokota karai la pili. Tukachota. Kisha mimi, ulimi wangu unajulikana, nikamwambia, "Mwinjilisti, ulitufundisha Karmeli. Horebu ulituharakishia kama Moria. Eliya alipokimbilia Horebu akitaka kufa, hakukaa kileleni. Alikuwa pangoni. Na ile sauti ndogo ilimkuta hapo."

"Najua," akasema. "Ukurasa ule nimeusoma mpaka umechanika. Na Musa alifichwa kwenye ufa wa jabali, hilo nalo najua. Na mwimba zaburi aliyeinua macho kuitazama milima, najua anauliza msaada wake utatoka wapi, na milima haijibu. Yote najua, mama. Lakini sijui kama Mwakio alikuwa peke yake." Akalitua karai. "Nikifika kwa mama yake ataniuliza, nami nitamwambia nini?"

Nikachota, akachota. Rundo likawa tuta, tuta likawa doa jekundu kwenye majani. Tukakwangua hata doa. Nikachungulia kisima. Kilikuwa bado hakijajaa, kimebaki kina cha kufika kifuani mwa mtu.

"Hautoshi," nikamwambia.

"Vipi hautoshi? Wote umetoka humu."

"Umetoka humu, lakini nusu ya Karmeli yako iko kwenye kuta za nyumba zetu. Hata katika jiko langu la zamani umo."

Alinitazama. Halafu akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna, na kicheko hichohicho kikageuka kilio, akakaa chini akalia mpaka mabega yakatikisika. Sikumzuia. Alipomaliza alisimama, akaenda hadi ukingoni. Hadi ukingoni kabisa.

"Nishike mkono," akasema.

Nikamshika. Alivua viatu kama alivyokuwa akivua pale Sinai, akavipanga vizuri, akashuka kidogo kidogo, macho kayafumbua, kucha zake zinanichimba kifundo cha mkono. Alipokanyaga chini aliniachia. Akasimama kwanza. Kisha akapiga magoti, kichwa chake kikazama chini ya ukingo, nikawa naona utosi tu wenye mvi na udongo.

Sikusikia akiomba. Nilisikia akipumua. Upande wa matanga walikuwa wanapiga ngoma, kisha wakanyamaza.

"Mama Kadzo."

"Bee."

"Ni kweli," akasema kutoka chini, polepole. "Kuna baridi."

Nikamwambia akae tu, basi la Mombasa ni la kesho. Nikakaa ukingoni karibu na viatu vyake, nikaning'iniza miguu yangu shimoni, nikamngoja.